Darubini ya sentimita 40 inafuata nini Antaktika?

Swali la msomaji: "Nimesoma kwamba katikati ya Antaktika kuna darubini zinazopima mwanga wa nyota kwa miezi mfululizo wakati wa majira ya baridi. Kama tatizo ni hewa ya Dunia, si tayari tuna darubini zinazoelea angani? Na kama tatizo ni giza, jangwa halitoshi? Halafu wanachopima ni nini hasa: nyota ina mwanga kiasi gani, au kuna jambo jingine?"

Nitaanza na lile la mwisho, maana ukishalipata hilo, yale mawili ya mwanzo yatakuwa mepesi.

Anayefanya kazi hii hashughulishwi sana na kiasi chenyewe cha mwanga. Anachotaka kujua ni kama nyota inang'aa leo sawasawa na ilivyong'aa jana, na kama saa nane za usiku iling'aa sawasawa na saa saba. Anawinda badiliko. Sayari kubwa kama Mshtarii ikipita mbele ya nyota iliyo kama Jua letu, huziba asilimia 1 hivi ya mwanga wake. Sayari ndogo kama Dunia huziba chini ya asilimia 0.01. Kuna pia nyota badilifu, ambazo hutanuka na kusinyaa zenyewe, nyingine kwa dakika chache, nyingine kwa siku nyingi, na mwanga wake hupanda na kushuka kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukitambua kamwe. Tangu mwaka 1856, mwanaastronomia Norman Pogson alipokipa kipimo cha zamani cha mwangaza wa nyota, magnitudo (mag), umbo la hesabu, tofauti ya mag 5 maana yake ni mwanga mara 100. Kwa hiyo sehemu moja ya elfu ya mag ni karibu asilimia 0.1. Wapimaji wa siku hizi wanaishi kwenye sehemu hizo za elfu.

Upimaji wenyewe si fumbo. Kioo hukusanya mwanga, kamera huugeuza kuwa chaji za umeme, kisha kompyuta hujumlisha pikseli zote zilizo ndani ya duara dogo lililoizunguka nyota. Pembeni yake huchukuliwa eneo tupu ili kujua anga lenyewe linatoa mwanga kiasi gani, na kiasi hicho hutolewa. Kinachobaki ni idadi ya fotoni, yaani chembe za mwanga, zilizofika. Hapo unakutana na sheria isiyo na rafiki: fotoni hufika kwa nasibu, na kosa la kuzihesabu ni kipeuo cha pili cha idadi yake. Ukikusanya fotoni milioni 1, kosa ni 1,000, yaani asilimia 0.1. Ukitaka kosa la asilimia 0.01, unahitaji fotoni milioni 100. Ama uwe na kioo kikubwa, ama uchague nyota angavu, ama usubiri.

Jambo la pili ni kwamba nyota moja pekee haiaminiki. Ikififia, huwezi kusema kama ni sayari imepita mbele yake au ni wingu jembamba limepita juu ya kichwa chako. Ndiyo maana kila picha hupimwa pamoja na nyota nyingine kadhaa za kulinganishia zilizomo katika picha hiyohiyo. Wingu huzifisha zote pamoja. Unapogawanya mwanga wa nyota yako kwa mwanga wa wenzake, wingu linafutika kwenye hesabu. Sayari haifutiki, kwa kuwa imeziba nyota moja tu.

Sasa hewa. Watu husema "hewa inaharibu picha" kana kwamba ni kosa moja, lakini hewa ina makosa matatu, na kwa swali lako ni lazima tuyatenganishe, kwa sababu Antaktika haiyatibu yote kwa kiwango kimoja.

Kosa la kwanza ni kunyonya na kutawanya mwanga. Nyota iliyo kwenye kimo cha nyuzi 30 juu ya upeo inatazamwa kupitia hewa nene mara mbili ya nyota iliyo utosini. Mahali pengi duniani nyota huchomoza, hupanda, kisha hutua, na unene huo hubadilika usiku kucha. Kibaya zaidi, nyota ya samawati hupoteza mwanga kwa kasi kuliko nyekundu, kwa hiyo hata kugawanya kwa nyota za kulinganishia hakusafishi kila kitu. Kwenye Ncha ya Kusini yenyewe nyota haichomozi wala haitui. Inazunguka anga kwa kimo kilekile. Kwenye kituo cha Concordia, kinachoendeshwa na Ufaransa na Italia mahali paitwapo Dome C, latitudo ya nyuzi 75 Kusini, hali inakaribia hiyo: nyota angavu ya Suheli (Canopus) haishuki chini ya nyuzi 37 hivi na haipandi zaidi ya 68. Unene wa hewa unabadilika, ila kidogo na polepole.

Kosa la pili ni kutapakaza taswira. Hewa yenye vipande vya joto tofauti hupinda mwanga huku na huku, na nukta ya nyota huwa doa. Ukubwa wa doa hilo hupimwa kwa sekunde za tao, na sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja. Mwaka 2004 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya Dome C vilivyoonyesha thamani ya kati ya sekunde 0.27 tu, na mwaka 2020 vikafuata vya Dome A, kilele cha juu zaidi cha barafu hiyo, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari: sekunde 0.31. Milima bora ya Chile na Hawaii huhesabu usiku wa sekunde 0.6 kuwa mzuri. Namba hizi ndizo zinazonukuliwa kila mahali watu wanapoisifu Antaktika, na mimi huona zimewapotosha wengi.

Namba ya Dome C ni ya mtu aliye mita 30 juu ya theluji, na ya Dome A ilipimwa kwenye mnara wa mita 8. Chini ya hapo pana vurugu. Wakati wa majira ya baridi uso wa barafu hupoteza joto kwenda angani bila chochote cha kulirudisha, hadi hewa iliyo miguuni pako inakuwa na baridi kuliko ile iliyo makumi ya mita juu yako, tena kwa nyuzi 20 au zaidi. Mpaka kati ya hewa hizo mbili ndio unaovuruga taswira. Kwenye vilele vya barafu, ambako hewa baridi ndiyo kwanza inaanza kuteremka kuelekea pwani, tabaka hilo ni jembamba: mita 30 hivi kwa Dome C, na nusu ya hapo kwa Dome A. Kwenye Ncha ya Kusini, ambayo iko mtelemkoni na si kileleni, hufika mita 200 na kuendelea. Darubini ya ASTEP pale Concordia, yenye kioo cha sentimita 40, imekaa karibu na theluji, ndani kabisa ya vurugu hiyo. Taswira zake si nyembamba hata kidogo.

Na bado inapima vizuri mno. Kwa nini? Kwa sababu anayehesabu fotoni hahitaji nukta kali. Mara nyingi kamera huondolewa makusudi kwenye fokasi ili mwanga wa nyota usambae juu ya pikseli nyingi, maana pikseli hazilingani kwa usikivu, na nyota angavu iliyorundikwa kwenye pikseli chache huzijaza zikafurika. Doa pana si ugonjwa hapa.

Ugonjwa ni kosa la tatu: kumetameta. Umewahi kuona mistari ya mwanga inayocheza kwenye sakafu ya bwawa lenye maji yanayotikisika. Angahewa hufanya hivyohivyo kwa mwanga wa nyota, na mistari hiyo ya mwanga na kivuli hukimbia juu ya ardhi na kupita juu ya kioo chako. Kwa nukta moja ya wakati kioo hupata mwanga zaidi, nukta inayofuata hupata pungufu. Nyota za kulinganishia hazisaidii, kwa sababu kila nyota ina mistari yake. Darubini ndogo huumia zaidi kuliko kubwa. Na jambo la kukumbuka ni kwamba kumetameta hakutoki karibu na ardhi. Kunazaliwa kwenye tabaka za juu, kilomita nyingi kwenda juu, kule ambako pepo kali za anga hupita. Vurugu ya mita 30 za kwanza inayoitia doa ASTEP haina mchango wa maana kwenye kumetameta.

Sehemu kubwa ya milima maarufu ya astronomia imekaa chini ya pepo hizo za juu. Uwanda wa Antaktika uko mbali nazo. Vipimo vya Dome C vilionyesha kwamba kwa vipimo vya muda mrefu, kelele ya kumetameta pale ni theluthi moja hivi ya ile ya Chile kwa darubini yenye ukubwa uleule. Kama fotoni zinatosha, yaani kama nyota ni angavu, darubini ndogo ya barafuni inafanya kazi ambayo mahali pengine ingedai kioo kikubwa zaidi. Ukiniuliza faida kubwa ya hewa ya Antaktika kwa kazi hii, nitakutajia hiyo kabla ya sekunde 0.27.

Lakini faida kubwa kuliko zote haitokani na hewa. Ni kalenda.

Chukua darubini iliyo kwenye jangwa zuri, inayopima nyota ileile kila usiku kwa saa nane. Jua linachomoza, unafunga. Sayari inayoizunguka nyota hiyo kwa saa 18 na nyingine inayoizunguka kwa siku tatu zinaweza kuonekana sawa kabisa kwenye takwimu zako, kwa kuwa kila ukirudi baada ya saa 24 unazikuta zote kwenye hatua ileile ya mzunguko. Mchana umekata ushahidi. Kwa nyota zenye mitetemo mingi iliyochangamana hali ni mbaya zaidi: kila mtetemo wa kweli huzaa vivuli vyake vya uongo, vilivyopishana kwa mzunguko mmoja kwa siku, na unajikuta ukibishana na wenzako ni kipi kivuli na kipi mtetemo.

Walioliona hili mapema walikuwa watu wa Jua. Katika majira ya joto ya kusini ya 1979 na 1980, Gérard Grec, Eric Fossat na Martin Pomerantz walilitazama Jua kutoka Ncha ya Kusini kwa siku tano mfululizo bila kutua, na mitetemo yake ikajitokeza kwa usafi ambao hakuna kituo kimoja cha kawaida kingeuweza. Majira ya baridi hutoa fursa hiyohiyo kwa nyota nyingine. Mwezi Mei 2010 ASTEP iliifuatilia nyota WASP-19 kwa siku 24. Sayari yake huizunguka kwa chini ya saa 19, na wakati inapojificha nyuma ya nyota, mwanga wote wa mfumo hupungua kwa asilimia 0.04 hivi. Punguo hilo dogo lilionekana baada ya kulundika mizunguko mingi juu ya mingine. Mwaka 2017, kuanzia Machi hadi Septemba, darubini hiyohiyo iliikodolea macho nyota ya Beta Pictoris. Lengo lilikuwa kuona kama sayari yake kubwa ingeburuta vumbi au pete mbele ya nyota. Kilichopatikana kwa wingi ni mitetemo ya nyota yenyewe: 31 ilitenganishwa, kila mmoja ukichukua dakika makumi machache tu.

Hapa niweke tahadhari, kwa sababu picha ya "usiku wa miezi sita" imetiwa chumvi. Concordia Jua halichomozi kuanzia mwanzoni mwa Mei hadi karibu katikati ya Agosti, lakini hata katikati ya Juni, saa sita mchana, Jua huwa nyuzi 8 au 9 tu chini ya upeo. Kila siku kunapambazuka kidogo upande mmoja wa anga. Kwenye Ncha yenyewe giza kamili hudumu kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai. Halafu kuna Mwezi: majira ya baridi ya ncha, mwezi mpevu ndio unaokaa juu ya upeo siku nyingi bila kutua, na mwezi mwandamo ndio unaojificha. Kuna pia mianga ya kusini, ingawa Dome C, kwa kuwa iko karibu na ncha ya sumaku-dunia, imo ndani ya pete ambayo mianga hiyo huizunguka, na kwa kawaida huiona chini kwenye upeo. Mtu anayetafuta anga jeusi kuliko yote kwa ajili ya galaksi hafifu asiende huko kwa sababu ya giza. Kwa nyota angavu mwanga huo wa alfajiri unavumilika. Unaupima kwenye lile eneo tupu na kuutoa.

Baridi nayo imesemwa kupita kiasi, ila kwa namna nyingine. Watu hudhani shida ni nyuzi zenyewe. Concordia huwa na nyuzi 60 au 70 chini ya sifuri na mara nyingine hupita 80. Kituo cha Vostok kilirekodi -89.2 tarehe 21 Julai 1983. Ni kweli kwamba grisi ya kawaida huganda, nyaya hukatika zikikunjwa, na vyuma viwili vya aina tofauti husinyaa kwa viwango tofauti mpaka fokasi inahama. Hayo hutatuliwa mezani kabla ya safari, kwa kuchagua grisi, nyaya na aloi zinazofaa. Kuna hata kichekesho: kwenye vituo vya kawaida kamera hupozwa kwa mitambo, huku barafuni kamera hufungiwa ndani ya sanduku lenye hita na madirisha ya vioo viwili, kwa sababu saketi zake zimetengenezwa kwa ajili ya baridi ya wastani.

Shida isiyokwisha ni sakitu. Kioo kinachotazama anga safi hupoteza joto na kuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka, na hewa ile, ingawa ina mvuke kidogo ajabu, tayari imeshiba kwa halijoto hiyo. Basi unga wa barafu huota juu ya kioo polepole, na kwenye takwimu unaonekana kama nyota zote zinafifia kwa siku kadhaa. Kugawanya kwa nyota za kulinganishia huokoa sehemu, mpaka sakitu inapokuwa mabaka yasiyolingana. Dawa ya kwanza inayokujia ni kupasha kioo joto. Ukifanya hivyo unazalisha hewa ya moto mbele ya kioo, na umejitengenezea vurugu ndani ya darubini. Kwa hiyo hupashwa kidogo tu, kwa kiasi cha kukaa juu ya hewa kwa nyuzi chache. Kwenye darubini za Wachina pale Dome A, kioo cha mbele kilipakwa utando mwembamba unaopitisha umeme na kuachia mwanga, ili kijipashe chenyewe. Na Concordia, ambako watu wachache zaidi ya kumi hubaki majira yote ya baridi bila ndege kutoka Februari hadi Novemba, mara nyingine dawa ni mtu kutoka nje na brashi.

Dome A haina hata huyo mtu. Vifaa vyake huendeshwa vyenyewe, na watu hufika wakati wa joto tu. CSTAR, iliyoanza kazi mwaka 2008, ilikuwa darubini nne za sentimita 14.5 zilizosimama tuli zikitazama ncha ya anga, bila mota ya kufuatilia nyota, kwa sababu kisichosogea hakikwami. Ni uamuzi ninaoupenda. Concordia walikuwa na yao ya namna hiyo, lenzi ya sentimita 10 iliyoelekezwa moja kwa moja kwenye ncha ya anga ya kusini, nayo ilitumika kujifunza hali ya hewa na tabia za vifaa kabla ya ASTEP kubwa. Mrithi wa CSTAR, AST3-2, Agosti 2017 iliunasa mwanga wa nyota mbili za neutroni zilizogongana, ule uliofuatia mawimbi ya graviti ya tukio lililopewa jina GW170817.

Tukirudi kwenye setilaiti: ndiyo, chombo kilicho nje ya hewa hupima vizuri kuliko chochote kilicho ardhini, hakuna ubishi. Kumetameta hakuna huko. Ila setilaiti ya TESS, iliyorushwa 2018 kuwinda sayari, ina lenzi za sentimita 10 hivi, na pikseli yake moja hufunika sekunde 21 za tao. Ndani ya pikseli moja huweza kuwamo nyota tatu au nne, na TESS inaposema "kuna kitu kimefifia hapa", mtu mwingine lazima aangalie ni ipi kati yao. Pia TESS hutazama eneo moja kwa siku 27 kisha husogea. Sayari yenye mwaka wa miezi kadhaa inaweza kupita mara moja tu mbele ya macho yake, na upitaji wenyewe huweza kudumu zaidi ya saa kumi, muda ambao kituo cha kawaida huwa kimeshafikiwa na asubuhi kabla haujaisha. Kuupata wote kwa darubini moja iliyo ardhini kunahitaji usiku usiokatika.

Kuna na bahati ya jiografia. Eneo la anga la kusini ambalo TESS hulitazama kwa muda mrefu kuliko mengine liko karibu na Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu, na kutoka Concordia eneo hilo halishuki kamwe chini ya nyuzi 50 katikati yake. Kinachogunduliwa huko na setilaiti kinaweza kukaguliwa kutoka barafuni saa yoyote ya majira ya baridi.

Kwa hiyo jangwa linatosha kwa mengi, na kwa nyota hafifu linashinda kabisa, kwa kuwa vioo vikubwa viko huko na hakuna aliyejenga kioo cha mita nane juu ya uwanda wa Antaktika. Kwa mwanga wa nyota hizo hafifu barafu haina msaada: fotoni ni chache mno, na kelele ya kuzihesabu huzidi kumetameta kokote. Takwimu nazo huchelewa kufika. Mawasiliano ya setilaiti kutoka Concordia ni membamba, hivyo picha huchambuliwa na kompyuta ya palepale, yanatumwa matokeo tu, na diski zenye picha kamili husubiri ndege ya kwanza ya majira ya joto.